Mpishi wa Samaki wa Mawe

Nianze na ukweli ambao kila aliyewahi kukaa naye kambini anaujua, na ambao hakuna aliyethubutu kumwambia: Mpishi hakujua kupika. Ugali wake ulikuwa na mabonge ya unga mbichi. Maharage yake leo yana chumvi ya wiki nzima, kesho hayana hata chembe. Mlenda, ambao mtoto wa Singida anaujua kabla hajaanza shule, yeye aliweza kuuunguza. Jiko la kambi sikulikuta mikononi mwake, lakini alichonipikia mwenyewe nimekila misimu minne, kwa hiyo nina haki ya kusema.

Hata hivyo tulimwita Mpishi, na mpaka leo tunamwita Mpishi, ingawa miaka mingi imepita tangu aache kushika mwiko wa kambi. Jina lake analo, zuri tu, la ubatizo na la nyumbani. Sitaliandika, kwanza kwa sababu mwenyewe hapendi kuandikwaandikwa, na pili kwa sababu nikilitaja, mafundi wenzangu watauliza huyo ni nani.

Upande wa Mkalama kuna bonde kavu ambalo wataalamu wanasema zamani sana lilikuwa ziwa. Ziwa lilikauka, samaki wakafunikwa na tope, tope likawa jiwe, na samaki nao wakawa jiwe. Ndivyo visukuku vinavyopatikana. Wenyeji wanawaita samaki wa mawe na hawaoni ajabu. Ukilipasua jiwe hilo linafunguka kurasa kurasa kama kitabu, lakini samaki hatoki safi. Unaona mkia, au jicho, na sehemu nyingine zote zimefichwa chini ya ngozi nyembamba ya jiwe. Hapo ndipo sisi mafundi wa visukuku tunapoanza kazi. Tunaondoa jiwe bila kumjeruhi samaki, kwa sindano, brashi, gundi na kioo cha kukuzia, na samaki wa ukubwa wa kiganja anaweza kukuweka kitini miezi miwili.

Mpishi aliingia kwenye kazi hii kupitia jikoni. Watafiti waliopiga kambi bondeni kuwachimba samaki hao walikuwa wakitupa vipande vya mawe walivyoviona havina kitu, na yeye aliviokota akavifanya mafiga. Siku moja akiwa anachambua mchele, jicho lake likaangukia figa lililokuwa chini ya sufuria ya maharage, akaona mstari mwembamba wa mifupa. Akautelekeza ungo, akaepua sufuria, akachukua sindano ya kushonea magunia, akakaa chini. Mkuu wa kambi alipokuja kuuliza kulikoni chakula cha mchana hakionekani, alikuta maharage mabichi na samaki aliyetoka nusu, kila mwiba mahali pake. Siku hiyo kambi ilishindia mkate na chai. Wiki iliyofuata akaajiriwa mpishi mwingine, na nadhani hilo liliwafurahisha watu zaidi kuliko samaki.

Lakini kwenye karatasi za ajira aliendelea kuandikwa mpishi, maana nafasi ya fundi ilitaka cheti na yeye hakuwa nacho. Kwa zaidi ya miaka ishirini, mikono bora ya kusafisha visukuku niliyoiona maishani ilikuwa ikilipwa mshahara wa jikoni.

Mimi nilimkuta akiwa tayari ni mtu mzima, mimi nikiwa binti niliyemaliza kidato cha nne na kutaka kazi yoyote ile. Alinipa kiti, akanipa jiwe lisilo na thamani, akaniambia nilikwaruze. Nilipoanza kukwaruza kwa nguvu akanishika kifundo cha mkono. Alisema sindano inakwenda pale unapotoa pumzi, siyo unapovuta. Nikakaa mwezi mzima nikijifunza kupumua. Mpaka leo mwanangu akinikasirisha mimi hutoa pumzi kwanza, na mtoto hajui kwamba ameokolewa na Mpishi, mama mmoja wa Mwankoko.

Alikuwa na vitu vyake ambavyo hakuna aliyeruhusiwa kuvigusa. Mwiba wa nungunungu aliuthamini kuliko sindano zote za chuma tulizoletewa, kwa sababu mwiba ukiteleza hauukwaruzi mfupa. Vumbi alilipangusa kwa unyoya wa kuku, na ilikuwa lazima uwe wa shingoni. Gundi alitumia ile tu inayoweza kulainishwa tena na kufunguka. Kwake gundi isiyofunguka ilikuwa kiburi. Alikuwa akituambia, "Wewe nani hata useme umemaliza? Atakuja mwenye macho kuliko wewe. Mwachie mlango."

Na alikuwa mtu wa mambo mawili mawili. Juu ya jiwe alikuwa na subira isiyo na mwisho, lakini alishindwa kabisa kumsubiri mtu anayetafuta maneno, akammalizia sentensi, mara nyingi visivyo. Kila Jumapili alikuwa kanisani na kwenye kwaya, na habari za mamilioni ya miaka hakuziamini hata kidogo. Watafiti wakianza kubishana kuhusu umri wa ziwa yeye alinyanyuka akaenda kunawa mikono. "Miaka mnaijua ninyi," alisema. "Mimi namjua samaki." Tena mimi ni Mwislamu, na mwezi wa Ramadhani yeye ndiye aliyenikumbusha saa ya kufuturu, akaninyima hata kuonja gundi kwa ulimi kama tulivyozoea kufanya ili kujua imekauka. Jioni alinipikia uji wa futari kwa mikono yake. Ulikuwa na mabonge. Nilikuwa naunywa wote.

Jambo alilolishikilia kuliko yote ni kadi. Kila kisukuku kina kadi yake ndogo, na juu yake fundi anaandika alichokifanya: gundi gani, sindano gani, wapi palivunjika. Wengi huandika mazuri tu. Mwaka wangu wa pili nilivunja pezi la samaki, nikaogopa, nikaligandisha kwa supa gluu wakati yeye ametoka. Nililigandisha kinyume. Alirudi, akatazama mara moja tu, akanitolea kadi na kalamu. Nikaandika, "Pezi la kushoto lilivunjika, likagandishwa vibaya kwa gundi isiyofunguka." Akasoma. Akasema bado. Nikauliza bado nini. Akaweka kidole chini ya mstari: nani? Nikaandika jina langu huku machozi yananitoka, naye akanipa kitambaa na kuniambia kwamba samaki yule sasa yuko salama, maana atakayekuja atajua pa kuanzia.

Mtu aliyenifundisha hivyo, mimi nilimfanyia hivi.

Kulikuwa na samaki mmoja ambaye alikufa akiwa anammeza mwenziwe. Ni nadra sana. Watafiti walinipa mimi kwa sababu nilikuwa naombewa nafasi ya kwenda kusomea cheti, na kazi hiyo ndiyo ingekuwa ushahidi wangu. Nilimsafisha kichwa, mgongo na mkia. Lakini yule mdogo aliye mdomoni, mifupa yake ikiwa myembamba kuliko unywele, sikuweza. Mkono ulikuwa ukitetemeka hata nikipumua mara mia. Mpishi alikaa kwenye kiti changu wiki tatu, akamtoa yule samaki mdogo mzima, hata jicho. Kadi ilipokuja, ilikuwa na nafasi ya jina moja, la fundi. Nikaandika langu. Nilijiambia nafasi ni moja, na kwamba yeye kwa karatasi ni mpishi. Aliiona kadi ile. Alikuwa pale pale. Hakusema neno, naye alikuwa mtu wa kusema.

Nilipata cheti. Nilipata kazi, nikajenga vyumba vitatu Unyambwa, na watu wakaanza kuniita fundi barabarani. Miaka ikapita.

Mafundi wa visukuku nchini ni wachache, lakini tuna chama, na chama kina katiba, mihuri na magomvi kama chama kingine chochote. Mwaka uliokuwa zamu ya Singida kuwa mwenyeji wa mkutano mkuu, ulikuwa pia mwaka wa uchaguzi. Mimi ndiye niliyempelekea Mpishi wazo la kugombea uenyekiti. Nilidhani atanifukuza. Badala yake aliniuliza mwenyekiti ana uwezo gani. Nikamweleza kwamba ndiye anayepeleka hoja. Akasema anazo hoja mbili: kadi iandikwe jina la kila mkono uliogusa, na watu waliojifunzia kazini wasio na vyeti wapimwe kwa kazi yao na wapewe uanachama kamili. Alikuwa anawafikiria vibarua wa kule bondeni, akina mama wengi wao, wanaosafisha mawe msimu hadi msimu na kurudi nyumbani bila jina. Ndicho alichokitaka. Uenyekiti wenyewe haukumpa usingizi wala kumnyima.

Fomu ilileta kizaazaa. Penye kazi aliandika "mpishi". Nilimsihi aandike fundi. Akasema ajira yake inasema mpishi, na yeye haandiki uongo kwenye karatasi. Kamati ya uchaguzi ikamwita. Katiba iliruhusu mtu asiye na cheti agombee na apige kura, ikiwa wanachama wawili watamdhamini na kuleta kazi yake pamoja na kadi. Wadhamini tulikuwepo, mimi na fundi mmoja mzee wa Itigi, mcheshi, ambaye kila mkutano huja na dumu la asali. Kazi zilikuwa nyingi hadi makabati yamejaa. Kadi yenye jina lake haikuwepo hata moja, maana nafasi ya jina ilikuwa ya fundi, na kwa karatasi yeye alikuwa mpishi.

Nilikuwa na usiku mmoja wa kufikiri na sikuutumia vizuri, nililala tu nikigeukageuka. Asubuhi nikambeba yule samaki anayemmeza mwenziwe, nikaingia mbele ya kamati. Walikuwa watu watatu na chupa zao za soda. Niliweka kadi mezani nikasema kwamba imeandikwa nusu, kwamba samaki mdogo si kazi yangu bali ya mama huyu aliyekaa hapa, na kwamba nilijua hivyo tangu siku ninaandika. Mwenyekiti wa kamati akaniuliza kama hiyo ndiyo kazi niliyopatia cheti. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama ninaelewa ninachokisema. Nikasema ninaelewa.

Niliandika jina lake kwenye kadi ile mbele yao, kwa kubana pembeni. Kwa muda wa mwezi mzima sikujua kama cheti changu kitafutwa. Mwishowe nilipata barua ya onyo, ambayo ninayo mpaka leo kwenye faili moja na cheti chenyewe. Mpishi, tulipotoka nje, nilimwambia anisamehe. Nilimuuliza kwa nini miaka yote hakuniambia chochote, yeye aliyeniliza kwa ajili ya pezi moja. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Ya pezi nilikuwa nakufundisha," alisema. "Hii ulikuwa unaijua." Halafu akaniuliza kama nimekunywa chai.

Jina lake likapita, na kazi yake ikiwa imeandikwa vilevile: mpishi.

Mpinzani wake alikuwa kijana mwenye stashahada, mpole, mjuzi, na aliyeleta picha za kuonyesha ukutani. Hata mimi ningempenda siku nyingine. Yeye alieleza mipango yake kwa nusu saa. Mpishi alisimama akiwa na kitenge chake kipya, akasema hoja zake mbili kwa pumzi chache, akakaa. Watu walichelewa kupiga makofi wakidhani bado anaendelea.

Wapiga kura tulikuwa thelathini na mmoja. Nilikuwa nimezunguka kwa kila mtu, nikihesabu kwa majina, na nilikuwa na watu kumi na sita wa uhakika. Masanduku yalipofunguliwa kijana alipata kumi na sita. Mpishi alipata kumi na tano.

Yeye ndiye aliyetangulia kupiga makofi. Mimi nilitoka nje nikalia nyuma ya jengo, na machozi yalipokauka nikaanza kutafuta mwongo. Sikutafuta mbali. Yule mzee wa Itigi, mdhamini mwenzangu, nilikuwa nimemwona kwenye foleni ya kura akinong'onezana na kijana na kucheka. Nikamhukumu hapo hapo. Asali yake sikuipokea tena. Shikamoo yangu kwake ikawa ya mdomoni tu, na kwa mzee hilo ni tusi, alijua na mimi nilijua. Mara moja alinifuata akaniuliza, "Binti, nimekukosea nini?" Nikamwambia hakuna kitu, mzee. Nikaenda zangu. Nilifanya hivyo miaka miwili.

Mwenyekiti mpya, nisimnyime haki yake, aliichukua hoja ya kadi. Leo kadi zetu zina mistari minne ya majina. Ile ya wasio na vyeti ilipelekwa kwenye kamati, na huko iliko hakuna anayejua kama inapumua.

Nilimwona Mpishi mara ya mwisho mwezi uliopita. Amestaafu, anaishi Mwankoko kwenye nyumba yake, jicho moja limeanza kuingia ukungu. Nilimkuta uani anapura alizeti kwa fimbo, kwa haraka ile ile anayotembea nayo, vichwa vya alizeti vikirukia kila upande. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akanipa fimbo nyingine bila kuniuliza kama nimechoka. Tukapura.

Nilimpa habari za kazini. Nikamwambia kwamba akina mama wa bondeni msimu huu wamesafisha samaki kumi na wawili, na kwamba majina yao yako kwenye kadi lakini kwenye daftari la wanachama hayapo, na uchaguzi mwingine ni mwakani baada ya mavuno. Halafu, kwa kuwa hasira ikikaa sana hutafuta pa kutokea, nikamwambia kuhusu mzee wa Itigi. Sikuwahi kumwambia. Nikasema ndiye aliyetuuza, kwamba bila yeye akina mama wale leo wangekuwa wanachama, na kwamba mimi simsalimii vizuri tangu siku ile.

Fimbo yake ikasimama.

"Humsalimii mzee wa watu?"

"Mama, nilihesabu. Nilikuwa na kumi na sita."

"Na mimi ulinihesabu?"

Nikasema ndiyo, nani anamwacha mgombea kwenye orodha yake mwenyewe.

Akakaa kwenye kigoda, akajifuta jasho kwa ncha ya kitenge. "Basi mwache mzee wa watu," alisema. "Ni mimi."

Sikuelewa, au sikutaka kuelewa. Akanieleza taratibu, na kwa mara ya kwanza nilimwona akitafuta maneno. Aliingia nyuma ya pazia na karatasi yake, akaona majina mawili, la kijana na lake. Kijana alikuwa amemwamkia vizuri asubuhi ile na kumletea kiti. Akaona kujitia tiki mwenyewe ni kama kusimama mbele ya watu na kujisifu, jambo ambalo mama yake mzazi angemchapa kwalo hata akiwa na wajukuu. Akadhani watu wanaojua adabu wote hufanya hivyo. Akadhani na kijana naye amempa yeye.

Nilicheka. Nilicheka mpaka fimbo ikaniponyoka, kisha nikajikuta nalia, na hasira ilikuwepo pia, sifichi. Nikamwambia kuhusu barua yangu ya onyo, ambayo nilikuwa nimemficha. Nikamwambia cheti changu kilikaa mezani siku ile kwa ajili yake.

"Najua," alisema. "Barua niliisikia. Nilipojua tofauti ni kura moja, nilijua na mwenye kura. Nimekaa na jambo hilo miaka miwili. Watu kumi na tano walisimama na mimi, mwanangu, na mimi nikajikalisha. Nilikosea. Jina la aliyekosea unalo."

Nilimshukuru. Nilitaka kumshukuru kwa mengi, kwa pumzi, kwa uji, kwa samaki mdogo, lakini maneno yalikuja yote kwa pamoja yakakwama, na yeye, kama ilivyo tabia yake, akanimalizia sentensi visivyo. Alidhani ninataka kuaga.

"Usiondoke kwanza, alizeti haijaisha," alisema. "Kesho uende Itigi ukamwombe yule mzee radhi, umwambie na sababu. Usinifichie. Ukirudi huko uniletee fomu. Safari hii najipigia."

Alfajiri ya kesho yake nilikuwa stendi, nauliza basi la Itigi linaondoka saa ngapi.